Jina Kwenye Ukurasa wa Kwanza

Juzi nilitolewa kwenye grupu letu la wasomaji kwa sababu ya matusi. Ni grupu la simu la watu wanaopenda riwaya za upelelezi na zile za kusisimua. Ukimaliza kitabu unapiga picha jalada lake, unaeleza kwa nini kilikukosesha usingizi, na anayekitaka anaandika "mimi", mnakutana mahali mnapeana. Mimi ni mmoja wa wa kwanza kabisa humo. Basi siku hiyo nilikuwa katikati ya kitabu nilichokuwa nimekingojea miezi mizima, na kijana mmoja, kwa kutaka tu aonekane amesoma, akaandika jina la muuaji. Jina tu, na kijiuso cha kucheka.

Niliyomwandikia siwezi kuyarudia hapa. Msimamizi wa grupu akaniambia, "Dada, tulia, ni kitabu tu." Naye nikamwandikia yake. Ndipo nikatolewa.

Si kitabu tu. Na kwa kuwa kule hakuna aliyenipa nafasi ya kujieleza, nitajieleza hapa, nikiwa bado na hasira. Nikisubiri ipoe najijua, nitaanza kumtetea mtu ambaye hastahili kutetewa.

Tulikuwa tunakaa Mbotela, kwenye zile nyumba za zamani za baraza la jiji, zenye kuta nene na madirisha madogo. Mama alikuwa anasuka nywele barazani. Hata leo nikinusa ncha za nywele za kununua zikichomwa kwa kiberiti, harufu hiyo ikichanganyika na ya mafuta ya kichwa na chai ya maziwa iliyochemka ikamwagikia jiko, naiona baraza ile yote: viti viwili vya plastiki, kigoda kimoja, kioo chenye ufa, na chini ya meza, katoni la vitabu.

Kwenye baraza ile kulikuwa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Anayesukwa ndiye anayesoma. Mikono ya mama ilikuwa na kazi, lakini masikio yalikuwa yake, kwa hiyo mteja alikaa kwenye kigoda na riwaya mapajani, akasoma kwa sauti tangu mstari wa kwanza wa nywele mpaka wa mwisho. Kitabu kikiwa cha Kiingereza alikitafsiri akiendelea, na hapo ndipo raha ilipokuwa, kwa sababu wapelelezi wa ng'ambo walikula githeri na majambazi walitishiana kwa Kikuyu. Nywele zikiisha kabla ya sura kuisha, mama alifumua misuko miwili mitatu akidai haikukaa vizuri. Hakuna mteja aliyelalamika.

Vitabu vyenyewe vililetwa na Mzee Kilonzo. Alikuwa mchonga vinyago kutoka Ukambani, anakaa peke yake chumba cha pili kutoka kwetu, familia yake iko nyumbani Machakos. Alipopeleka twiga na vifaru vyake kwenye maduka ya watalii mjini, alirudi kwa njia ya wale wauza vitabu wa kando ya barabara, akabadilishana nao vya zamani kwa vingine vya zamani. Jumamosi mchana alivileta kwenye katoni letu, akaketi kwenye ngazi na kipande cha mti, akawa anakwangua huku akigawa vitabu kama daktari anavyogawa dawa.

Nasema daktari kwa sababu hakuwahi kumpa mtu kitabu hivi hivi. "Mama Ciru, hiki si chako, kina damu nyingi na wewe una presha. Chukua hiki cha wizi wa benki." Mama Ciru alikuwa jirani yetu wa mlango kwa mlango, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabara ya Jogoo. "Na hiki," Mzee Kilonzo alisema akikigeuza geuza mkononi, "hiki ni cha Mama Njoki. Mwanamke mle ndani anajua kitu na hasemi. Atakipenda."

Njoki ni mimi. Mama Njoki ni mama. Na kweli alikipenda, kila mara. Sijui alijuaje, lakini yule mzee hakuwahi kukosea kuhusu mama.

Sheria ilikuwa moja, naye ndiye aliyeiweka: sema yote, usiseme nani. Ungeweza kusimulia gari lilivyotumbukia mtoni, ungeweza kusimulia barua iliyofichwa ndani ya unga, lakini ukitaja mkosaji umefungiwa nje. Ukimaliza kitabu ulichora alama yako ndani ya jalada la nyuma. Mama alichora chanuo. Mama Ciru alichora sufuria, ingawa ilifanana na kofia. Mzee Kilonzo alichora twiga mdogo wa mistari mitano, na twiga huyo akiwa ameinamisha shingo ulijua kitabu ni cha kukuliza. Ukipokea kitabu uliangalia alama kwanza, ukajua umo kwenye kundi la akina nani.

Baba hakuwa na alama. Baba alikuwa karani wa stoo Industrial Area, mzee wa kanisa, mtu wa gazeti na Biblia. Akirudi akakuta baraza imejaa wanawake, alisema, "Nyumba yangu mmeigeuza mochari. Kila siku naingia nakuta maiti mpya." Wanawake walicheka. Mimi pia nilicheka. Nilidhani ni utani.

Kisha majina yakaanza.

La kwanza alilikuta Mama Ciru. Alikaa kwenye kigoda, akafungua kitabu kipya, akavuta pumzi aanze kusoma, akanyamaza. Kwenye ukurasa wa kwanza, juu kabisa, kwa maandishi makubwa ya buluu, lilikuwa limeandikwa jina. Jina tu. Hakukuwa na maelezo, na hatukuhitaji maelezo.

"Ati nini?" Mama Ciru alisema, akageuza jalada la nyuma ambako wahusika walitajwa. "Ni dereva? Haki ya Mungu, ni dereva?"

Walisoma hivyo hivyo wakitumaini ni uongo. Ilikuwa kweli. Ilikuwa ni dereva. Wiki iliyofuata kingine, na kile nacho kilikuwa kweli. Rangi ile ilikuwa ya penseli nene yenye nta, haikubali kufutwa kwa raba. Ukiisugua inazidi kutapakaa. Vitabu vinne, vitano, kila kimoja kikiwa na jina lake kama kaburi. Mtu ambaye hajawahi kusoma riwaya ya aina hii hawezi kuelewa. Ni kama kupikiwa chakula kizuri halafu mtu akakitemea mate kabla hujashika kijiko. Wanawake wakaanza kutazamana. Mmoja aliacha kuja. Mama alisuka akiwa kimya, na mteja akishika gazeti.

Nilikuwa darasa la nne, na nilikuwa nimesikiliza riwaya nyingi kuliko mtoto yeyote pale mtaani. Nikaamua kumtafuta mkosaji. Sitanii, nilikuwa na daftari. Na hapa ndipo upumbavu wangu ulipokuwa, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kutoka kwenye vitabu vile jambo moja nililoliamini kuliko amri kumi: mkosaji hawi yule mkali anayegombana na kila mtu. Anakuwa yule mwema, anayependwa, ambaye huwezi hata kumdhania. Kwa hiyo sikujiuliza nani ana sababu. Nilijiuliza nani ni mwema kuliko wote pale mtaani. Jibu halikuchukua hata dakika.

Nikaanza kumfuatilia. Alinionyesha jinsi ya kupiga msasa sikio la kifaru, nami nikiandika kwenye daftari: "Anajifanya mpole." Alinipa muwa, nikaandika: "Ananihonga." Halafu siku moja nikamwona anapima mti, akatoa penseli nyuma ya sikio akachora mstari. Penseli nene. Ya buluu. Ya nta. Moyo ulinienda mbio nusura nimeze muwa mzima mzima.

Katika vitabu, mpelelezi akishajua, anawakusanya watu wote chumba kimoja. Nami nikangoja Jumamosi.

Baraza ilijaa. Mama Ciru alikuwa kwenye kigoda, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Mzee Kilonzo alikuwa kwenye ngazi zake. Baba alikuwa amerudi mapema, amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Nikasimama juu ya kiti cha plastiki, daftari mkononi, nikasema nimemjua anayeandika majina.

"Shuka hapo utavunjika," mama alisema.

"Wacha mtoto aseme," alisema baba.

Hilo nalikumbuka vizuri. Wacha mtoto aseme.

Nikasema. Nilianza mbali, kama wao. Nikaeleza kwamba mwandishi wa majina lazima awe mtu anayevipata vitabu kabla ya wengine. Nikaeleza rangi na nta. Nikaeleza kwamba mkosaji ni yule ambaye hakuna anayemshuku. Halafu nikanyoosha kidole, kidole hiki hiki ninachoandikia, nikasema, "Penseli yenyewe iko nyuma ya sikio lako, Mzee Kilonzo."

Wote waligeuka. Mzee Kilonzo aliinua mkono polepole, akaitoa ile penseli, akaiangalia kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza. Halafu akainua macho akatazama mlangoni. Alitazama muda mrefu. Mimi nilidhani anatafuta njia ya kutoroka, kwa sababu ndivyo wanavyofanya. Mlangoni baba alikunywa chai. Mama alikuwa ameshika msuko wa Mama Ciru, hausuki wala hauachilii.

Mzee Kilonzo akanirudia mimi, pale juu ya kiti.

"Sawa," akasema. "Ni mimi."

"Wee Kilonzo!" Mama Ciru aliruka na nusu kichwa chake. "Wewe? Sheria si ni yako mwenyewe? Kwani tumekukosea nini, tuambie! Chai ya nani hujakunywa hapa?"

Mzee Kilonzo aliokota kipande chake cha mti, akapangusa vumbi la msasa kwenye suruali, akaenda zake. Hakuna aliyemwambia asirudi. Hakukuwa na haja. Baba aliniteremsha kwenye kiti kwa mikono yake, akacheka, akasema, "Huyu atakuwa wakili, ngojeni tu." Jioni hiyo akaninunulia chipsi na soda ya chupa, mimi peke yangu. Nilikula nikijiona mtu mkubwa. Mama hakula kitu. Alisema kichwa kinamuuma.

Majina yakaisha, nami nikapata uhakika kwamba sikukosea. Lakini vitabu navyo vikaisha, kwa sababu aliyekuwa anavileta alikuwa anapita mlangoni kwetu ameangalia chini. Mama Ciru alijaribu kuleta vya kanisani. Mteja akakaa kwenye kigoda akasoma sura moja ya ushauri wa ndoa, akasinzia. Baada ya muda wateja walianza kuja na simu zao, na baraza ikawa ni mahali pa kusukia nywele tu.

Lilibaki lile katoni chini ya meza, na humo riwaya mbili tatu ambazo hazikuwa zimesomwa mpaka mwisho.

Jumapili moja mchana mama alikwenda mazoezi ya kwaya. Nilitumwa kwa Mama Ciru nikamkosa, nikarudi kabla ya kutarajiwa. Baba alikuwa ameketi mezani, koti la kanisani kwenye mgongo wa kiti, miwani puani, anasoma. Midomo ilikuwa inatembea. Alikuwa kwenye kurasa za mwisho za riwaya, na aliisoma kama mtu aliyefika kisimani. Alifika mwisho akapiga meza kwa kiganja, akacheka peke yake, akasema, "Ng'ombe wewe, nilijua." Halafu akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa penseli nene ya buluu, akafungua ukurasa wa kwanza, akaandika.

Nilisimama tu mlangoni. Akaniona.

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliuchana ule ukurasa taratibu, akaukunja mara nne, akautia mfukoni. Kisha akavuta kiti cha pili.

"Kaa," akasema. "Hiki mlishakianza na kina mama, si ndiyo? Mlifika wapi?"

Nikamwambia tulifika pale mke wa marehemu anapokuta ufunguo.

"Enhe. Na wewe ungesema ni nani?"

Nikasema ni ndugu yake marehemu. Akatikisa kichwa, akaniuliza kwa nini si mtunza bustani, nikaeleza, akanibishia, nikabisha. Alinionyesha mahali mwandishi alipoficha dalili mbele ya macho yetu, akarudi kurasa nyingi nyuma kwa kidole bila kutafuta, maana alikikumbuka kitabu chote. Alijua kusoma kuliko sisi sote. Alijua kuliko Mzee Kilonzo. Tulikaa mpaka tukasikia nyimbo za mama akirudi, naye akakirudisha kitabu kwenye katoni, akafungua gazeti.

Ilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizowahi kukaa na baba yangu, na hilo ndilo nisiloweza kumsamehe. Alikuwa amesoma vyote. Ili kuharibu kitabu kimoja ilibidi akisome chote, mpaka mwisho, kwa makini, na mwisho ni lazima auelewe vizuri. Mwanamume yule alikaa nyumba moja na mwanamke anayependa kitu kile kile anachokipenda yeye, akala naye meza moja, na badala ya kumuuliza "wewe ungesema ni nani?" akachukua penseli.

Na mimi? Mimi nilinyamaza. Mzee Kilonzo alikuwa bado chumba cha pili kutoka kwetu. Ningeweza kutembea hatua ishirini. Nilijiambia kwamba labda wote wawili walikuwa wakiandika. Nilijiambia kwamba mzee alikiri mwenyewe, na mtu hawezi kukiri asichofanya, haiko kwenye kitabu chochote. Ukweli ni kwamba nilitaka Jumapili nyingine kama ile. Haikuja. Mvua zilipoanza Mzee Kilonzo alipakia vinyago vyake kwenye mkokoteni akahama, nami nilitazama kupitia dirisha dogo la ukuta ule mnene.

Baba tulimzika mwaka jana. Mtu mmoja alisimama akasema marehemu alikuwa mtu wa ukweli, nikasaga meno mpaka yakaniuma. Baada ya kutolewa kwenye grupu nilikwenda kwa mama, Buruburu anakokaa na kaka yangu, nikiwa nimefura, nikamuuliza bila hata kuketi.

"Ulijua?"

Alikuwa anachambua mchele. Hakujitia hamnazo, hilo nampa.

"Maandishi ya bwana yangu nisiyajue? Tangu lile jina la dereva."

"Na siku ile nimesimama kwenye kiti?"

"Njoki, ningesema nini? Mbele ya Mama Ciru? Kesho yake ingekuwa sokoni."

"Ungesema si yeye! Maneno mawili tu, mama. Si yeye."

"Babako alikuwa na wivu," alisema, macho kwenye mchele. "Si wivu wa hivyo unavyofikiri. Kilonzo alikuwa anajua nitapenda nini. Babako miaka yote alikuwa akiniletea leso ya rangi nisiyoipenda. Alisema, huyu mtu anakujuaje? Ningemwambia nini? Nilinyamaza nyumba ikae."

"Mwanamke anajua kitu na hasemi," nikamwambia.

Alielewa. Mikono ilisimama. Nilimwona ameumia, na nitasema ukweli, nilifurahi. Halafu akasema, bila kuniangalia, kwamba Mzee Kilonzo yuko Kayole kwa binti yake, upande wa Spine Road, na akanitajia mpaka rangi ya geti. Alijua alipo muda wote huo. Nilitoka bila kunywa chai.

Nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha ngazi za ghorofa, mzee sana sasa, miwani imefungwa kwa uzi, mikono bila mti wowote. Nilikuwa na kitabu kwenye mfuko, kile kile nilichoharibiwa na kijana wa grupu. Nilikimaliza hivyo hivyo. Kilikuwa kizuri, na aliyeharibiwa ni mimi, si yeye. Nikajitambulisha.

"Mpelelezi," akasema. Hakutabasamu.

Nilikuwa nimepanga maneno. Nilisema pole, nikasema nilikuwa mtoto, nikasema nilikuja kujua ni baba. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Nilijua siku hiyo hiyo. Ile penseli alinipa yeye, ya kupimia mti. Alikuja nayo mwenyewe, akaniambia nimekuletea ya kazini, haifutiki. Nikamshukuru."

"Basi mbona ulikubali?"

"Ulitaka nimtaje babako na wewe umesimama pale juu umefurahi hivyo?" Sauti ilipanda, na mtoto aliyekuwa akipita na mtungi wa maji akageuka. "Lakini usinifanye mtakatifu, Njoki. Nilikubali kwa sababu nilidhani atasema. Nilimwangalia nikamwachia nafasi. Mtu mzima, mtoto wake amesimama mbele za watu anasema uongo bila kujua, nikajua huyu sasa ataweka kikombe chini aseme. Akanywa. Nikasema, labda kesho. Nikangoja miezi, kila siku napita mlangoni kwenu. Na mamako ananiona." Alipumua. "Kuchonga naweza kuchonga popote. Lakini nilikuwa na watu wa kuwaambia soma hiki. Huku Kayole nimekaa na vitabu vyangu kama mwizi. Nikimaliza kizuri nakifunga, nanyamaza."

Pale barazani siku ile waliojua walikuwa watatu, wote watu wazima, na aliyekuwa anasema ni mimi peke yangu. Hasira niliyokuja nayo ya kuwagawia wengine ilinirudia yote, nikaibeba.

Nikatoa kitabu. Nilimwambia, kama alivyokuwa akituambia, kwamba asikisome akiwa peke yake nyumbani, na kwamba humo mna mzee mmoja atakayempenda. Sikusema zaidi. Alikipokea, akalisoma jalada, akakigeuza akaangalia ndani ya jalada la nyuma, akaiona alama yangu, daftari dogo.

Halafu, kabla ya kusema asante, alifungua ukurasa wa kwanza. Aliuinua karibu na macho, akauelekeza kwenye mwanga, akautazama kutoka juu mpaka chini. Ulikuwa safi. Akalamba kidole, akafungua na wa pili.